Mfuko wa kijiji ukitaka kuungana na taasisi ya kanda: maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Mkutano umeitishwa kwenye darasa la shule ya msingi. Ajenda tatu za kwanza zimepita haraka. Ya nne inasomeka: "Kuungana na taasisi ya kanda." Mwenyekiti anaeleza kwamba mfuko wetu mdogo umechoka, kwamba kuna taasisi kubwa yenye ofisi Arusha iliyo tayari kuupokea, na kwamba faida ni nyingi. Kisha anasema wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono inanyooshwa, kikao kinafungwa kwa sala, watu wanarudi kwenye mifugo na mashamba.

Miezi sita baadaye mzazi anakwenda kuulizia godoro na sare za mwanawe aliyechaguliwa kidato cha kwanza. Anaambiwa fomu sasa zinajazwa Arusha.

Ndugu msikilizaji, huenda mkutano wa namna hii umekwishafika kwenu, au uko njiani. Katika makala hii tunaeleza kwa nini mifuko midogo ya jamii katika wilaya za Karatu na Ngorongoro inafikiria kuungana na taasisi kubwa, kuungana kunafanyikaje, na mwananchi wa kawaida aulize nini. Hatusemi kuungana ni kubaya. Mara nyingine ndiyo njia pekee ya kuuokoa mfuko. Tunachosema ni hiki: mdogo ana nguvu ya kudai kabla ya kutia sahihi. Baada ya hapo anaomba tu.

Kwa nini mifuko midogo ni mingi kwetu

Karatu ni mlango. Mgeni anayekwenda kuona Bonde la Ngorongoro au Serengeti kwa barabara kutoka Arusha hupita hapa, na wengi hulala hapa. Kwa miaka mingi baadhi ya wageni hao wamekuwa wakisimama kwenye shule isiyo na madawati au zahanati isiyo na kitanda cha kujifungulia, wakarudi kwao na kuanza kuchangisha. Mchango ukikua, marafiki wa nje hupata mwenzao wa hapa, kamati huundwa, katiba huandikwa, na mfuko husajiliwa.

Mingine haikuanza kwa wageni. Ipo iliyotokana na parokia na sharika, ipo iliyotokana na wakulima wa vitunguu au kahawa waliokubaliana kutoa kidogo kila msimu, na ipo iliyoanzishwa na wenyeji wanaofanya kazi mijini waliotaka kuwasomesha wadogo zao. Kwa sensa ya 2022 Karatu ina watu 280,454 na Ngorongoro ina watu 273,549. Kwa watu wengi kiasi hicho, waliotawanyika kuanzia Mang'ola hadi Loliondo, mfuko mdogo wa kata una faida moja kubwa: unawajua watu wake kwa majina.

Mifuko hii ikabanwa na mambo mawili. La kwanza ni fedha. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipozuia ndege, watalii walikoma kuja, hoteli zikafunga, na michango iliyotegemea wageni ikakauka. Mfuko uliokuwa na mfadhili mmoja ulijikuta hauna hata wa pili wa kumpigia simu.

La pili ni taratibu. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002, baada ya kurekebishwa mwaka 2019, ilizitaka kampuni na vyama vilivyokuwa vikifanya kazi za NGO chini ya sheria nyingine vijisajili upya kama NGO. Cheti sasa kina muda wa miaka 10, kisha kinahuishwa. Kuna taarifa ya kila mwaka ya kazi na ya fedha, na kuna ada ya mwaka. Kanuni za 2018 zinataka fedha za mfadhili zinazozidi shilingi milioni 20 ziwekwe wazi kwa umma na mkataba wake ufikishwe serikalini. Haya yote yana sababu nzuri, kwa maana wapo waliochangisha kwa jina la yatima na kujenga nyumba zao. Lakini kwa kamati ya watu saba wanaojitolea, ambao katibu wao ni mwalimu mwenye vipindi, ni mzigo.

Ndipo wazo la kuungana linapoingia. Taasisi kubwa ina mhasibu, ina gari, ina mkaguzi wa hesabu, ina mtu anayejua kuandika maombi ya ufadhili. Mfuko mdogo una watu, una historia, na pengine una jengo na fedha kidogo benki. Kila upande una kitu ambacho mwingine anakihitaji. Hilo msikilizaji alishike, kwa sababu mara nyingi mdogo husahau kwamba naye ana cha kutoa.

Kuungana si kugeni kwetu

Tukitazama nyuma kidogo, nchi yetu imeunganisha vingi, na kila kimoja kina somo.

Chukua maji. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru maji ya vijijini yalihesabiwa kuwa huduma ya bure ya Serikali. Sera ya Maji ya 1991 ikavitaka vijiji viwe na kamati na mfuko wake wa maji. Baadaye Sheria Na. 12 ya 2009 ikaweka vyombo vya watumia maji, kisha Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019 ikaunda RUWASA, iliyoanza kazi Julai mwaka huohuo. Tangu hapo vyombo vidogo vya maji ngazi ya jamii, vile vinavyoitwa CBWSO, vimekuwa vikiunganishwa ili kimoja kihudumie vijiji kadhaa na kiweze kumlipa fundi na mhasibu. Mantiki yake inaeleweka: pampu ikiharibika, kijiji kimoja hakina fedha za kununua nyingine, lakini vijiji sita vinazo.

Wakazi wa Karatu wana mfano wa karibu zaidi. Kulikuwa na KAVIWASU, chombo cha maji kilichotokana na vijiji, na kulikuwa na KARUWASA, mamlaka ya maji ya mji. Kwa miaka mingi watu walibishana ni chombo kipi kisimamie maji na kwa bei gani kwa kila uniti. Aliyesikiliza mabishano yale kwa makini aligundua kwamba jina la chombo halikuwa kiini cha ugomvi. Watu walitaka kujua nani anapanga bei, nani anaona hesabu, na visima vilivyochimbwa kwa michango na misaada ya vijiji ni mali ya nani.

Mfano wa pili unawahusu walimu, wauguzi na watumishi wengine. Tarehe 1 Agosti 2018 mifuko minne ya pensheni, yaani PSPF, LAPF, GEPF na PPF, iliunganishwa kuwa PSSSF. Kuungana kwenyewe hakukuleta kelele nyingi. Kelele zilikuja kanuni za kukokotoa mafao zilipotoka. Mwanachama wa PSPF au LAPF aliyezoea kutegemea asilimia 50 ya mafao yake kwa mkupuo alielezwa kwamba sasa ni asilimia 25, na zinazobaki atalipwa kidogo kidogo kila mwezi. Desemba 2018 Rais John Magufuli alisimamisha kikokotoo hicho kipya, na baadaye, kuanzia Julai 2022, mkupuo ukawekwa kuwa asilimia 33. Watu wengi waliokuwa hawajui hata makao makuu ya mfuko wao yako wapi walilijua neno "kikokotoo". Tunachojifunza ni kwamba jambo linalomgusa mwanachama huwa ndani ya kanuni, ukurasa ambao wachache huusoma siku ya sherehe.

Mfano wa tatu ni wa wakulima. Benki ya Ushirika ya Kilimanjaro, KCBL, na benki ya jamii ya Tandahimba huko Mtwara ziliunganishwa, na kutokana nazo ikazaliwa Benki ya Ushirika Tanzania, iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025. Hapa sababu ilikuwa mtaji: benki ndogo zilishindwa kufikia kiwango kinachotakiwa na Benki Kuu. Januari 2018 Benki Kuu ilikuwa imezifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa Benki ya Wananchi Meru, hapahapa mkoani Arusha. Kwa hiyo kukataa kuungana nako kuna gharama yake. Mdogo anayekataa kila mkono unaonyooshwa anaweza kufa na jina lake zuri.

Hesabu ya watoto tisa

Tufanye hesabu. Huu ni mfano wa kufikirika, lakini unaweza kuweka namba za mfuko wenu.

Tuseme mfuko wa kata una shilingi milioni 18 kwa mwaka za kusaidia wanafunzi. Ada ya sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita kuanzia Julai 2022. Lakini mzazi anajua kwamba mtoto haendi bweni bila godoro, sanduku, sare, nauli na mchango wa chakula. Tuseme kila mwanafunzi anahitaji shilingi 300,000. Milioni 18 zinatosha wanafunzi 60.

Taasisi ya kanda inasema itapokea mfuko huo, lakini itakata asilimia 15 ya uendeshaji. Asilimia 15 ya milioni 18 ni milioni 2 na laki 7. Zinabaki milioni 15 na laki 3, sawa na wanafunzi 51. Watoto tisa wametoka kwenye orodha.

Usikimbilie kusema hapana. Geuza ukurasa. Mfuko ukibaki peke yake, unamlipa mkaguzi wa hesabu, unalipa ada, unalipa nauli ya katibu kwenda na kurudi Arusha na mara nyingine Dodoma, unalipa makato ya benki, unanunua vocha za simu. Tuseme vyote hivyo ni milioni 4 kwa mwaka. Zinabaki milioni 14, sawa na wanafunzi 46. Kwa hesabu hii kuungana kumewarudisha watoto watano.

Unaona sasa kwamba jibu haliko kwenye asilimia peke yake. Liko kwenye ulinganisho. Kamati inayowaambia wananchi "watatukata asilimia 15" bila kusema yenyewe inatumia kiasi gani sasa, haijawaambia ukweli wote. Na taasisi inayosema "tutawapunguzia gharama" bila kutaja asilimia yake, nayo imeficha nusu. Wahenga wa madukani wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari zote mbili ziwekwe mezani, na hesabu ifanywe ubaoni watu wakiona.

Njia ziko tatu

Watu wengi hudhani mbele yao kuna mawili tu: kuungana au kukaa peke yao. Kuna njia zaidi.

Ya kwanza ni kushirikiana kwa makubaliano. Mfuko unabaki na usajili wake, akaunti yake na kamati yake, lakini unalipia huduma fulani kwa taasisi kubwa, kwa mfano uhasibu au mafunzo. Makubaliano yanaandikwa, yana muda, na yanaweza kuvunjwa. Njia hii inafaa mfuko ambao bado una wafadhili lakini umelemewa na makaratasi.

Ya pili ni kuwa mfuko wenye jina lake ndani ya taasisi kubwa. Usajili wa mdogo unafungwa au unalala, fedha zinahamia kwa mkubwa, lakini zinatunzwa kwa hesabu ya peke yake, kwa kusudi lililoandikwa, na kamati ya wenyeji inapendekeza matumizi. Nchini Kenya, taasisi ya KCDF iliyoanzishwa 1997 imefanya kazi ya namna hii na jamii mbalimbali: jamii inajichangia akiba yake, inakaa chini ya mwavuli wa taasisi kubwa, na faida yake inarudi kwa jamii hiyo. Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1914 katika mji wa Cleveland, Marekani, mwanasheria na mkuu wa benki aitwaye Frederick Goff aliona wosia nyingi za matajiri zimekwama, kwa kuwa aliyeziandika alikwisha kufa na kusudi lake lilikuwa limepitwa na wakati. Akaanzisha mfuko mmoja wa mji ambamo watu wengi wangeweka sadaka zao, na kamati ya wenyeji ikapewa uwezo wa kubadili matumizi pale kusudi la kwanza linaposhindikana.

Uwezo huo wa kubadili kusudi ni kisu chenye makali pande mbili. Unasaidia fedha zisikwame. Lakini ukiachwa wazi, fedha zilizochangwa kwa ajili ya wodi ya akina mama Endulen zinaweza siku moja kununua kompyuta za ofisi mjini, na hakuna sheria itakayokuwa imevunjwa. Kwa hiyo anayechagua njia hii aandike: kusudi litabadilishwa kwa sababu gani, na kwa ridhaa ya nani.

Ya tatu ni kuungana kabisa. Mdogo anavunjwa, mali na madeni yake yanaingia kwa mkubwa, na katiba inayobaki ni ya mkubwa. Njia hii ni safi kwa wahasibu na ngumu kuirudisha nyuma. Anayeichagua ahakikishe kwamba yale anayoyadai yameingia kwenye katiba ya taasisi inayobaki, kwa sababu barua ya ahadi iliyosainiwa na mkurugenzi inaweza kuondoka na mkurugenzi huyo.

Jamii ni nani?

Upande wa Ngorongoro kuna swali ambalo haliwezi kurukwa. Katiba nyingi za mifuko husema wanufaika ni "wakazi wa eneo". Lakini tangu Juni 2022 kaya kadhaa zimehamia Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga, na wengine wamebaki ndani ya hifadhi. Suala lenyewe la kuhama lina mjadala wake mpana ambao tumeueleza katika vipindi vingine. Hapa tunauliza la mfuko tu. Mama aliyechangia mbuzi mmoja wakati mfuko unaanzishwa, akahamia Msomera, mwanawe bado ni mnufaika? Aliyebaki Nainokanoka anasemaje? Mfuko ukiingia kwenye taasisi kubwa kabla ya kulijibu swali hili, atakayelijibu ni ofisa asiyemjua mama wala mbuzi wake.

Ngorongoro pia inatufundisha jambo kuhusu fedha zinazotoka mkono mmoja. Baraza la Wafugaji liliundwa mwaka 1994 na kupewa nguvu ya kisheria mwaka 2000, ili wenyeji wa hifadhi wawe na chombo cha kuzungumza na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na kusimamia miradi yao. Kupitia baraza hilo, fedha zilizotengwa na Mamlaka zilisomesha vijana wengi. Lakini chemchemi ya fedha ilikuwa bajeti ya Mamlaka. Chombo chenye wawakilishi wa kila kata bado kinaweza kukosa kauli kama funguo ya sanduku iko kwa mwingine. Mfuko unaoungana na taasisi ya kanda uangalie hilo: viti viwili kwenye bodi ni heshima, lakini muulize mwenye viti kumi atapiga kura vipi siku fedha zikipungua.

Kwa Karatu swali la jamii linakuja kwa sura nyingine. Kwenye kata moja kuna Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe, Wamaasai na wageni waliofuata kilimo cha vitunguu. Kamati ndogo huwajua wote, ingawa nayo huweza kupendelea ukoo wa mwenyekiti. Tusijidanganye kwamba udogo ni usafi. Taasisi kubwa yenye vigezo vilivyoandikwa inaweza kumfikia mtoto wa Kihadzabe ambaye kamati ya jirani ilimsahau kila mwaka. Inaweza pia kumkosa kabisa, ikiwa fomu ni ya kujaza kwenye intaneti na nyumbani kwao simu haishiki mtandao.

Jengo, ardhi, watu na majina

Kuna vitu vinne ambavyo husahaulika mkutanoni.

Kwanza, jengo na ardhi. Tazama hati iko kwa jina la nani. Mali ikiwa chini ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura 318, wadhamini ndio wenye dhamana, na haihami kwa kupigiwa makofi. Ikiwa jengo limesimama kwenye ardhi ya kijiji, ardhi hiyo inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na mkutano mkuu wa kijiji una neno. Kijiji kilichotoa eka mbili kwa ajili ya zahanati hakikutoa eka mbili kwa ajili ya hosteli ya wageni. Ndani ya hifadhi, utaratibu wa ardhi una sheria yake, na hapo ni lazima kumwona mwanasheria mapema.

Pili, madeni. Mdogo anaogopa kumezwa, lakini mkubwa naye anaweza kuwa anazama. Taasisi yenye magari sita yaliyopakwa rangi nzuri inaweza kuwa na deni la mishahara ya miezi minne. Omba hesabu zake zilizokaguliwa za miaka mitatu iliyopita. Ikikataa kuzionyesha, jibu umelipata.

Tatu, wafanyakazi. Mlinzi wa usiku, mpishi wa bweni na dereva wa pikipiki wana haki zao. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, mfanyakazi aliyefanya kazi mfululizo kwa mwaka mmoja au zaidi na mwajiri akamwachisha kazi bila kosa lake, ana haki ya kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka alioumaliza, hadi miaka 10. Makubaliano ya kuungana yaseme wazi kama atahamishwa na miaka yake, au atalipwa kwanza.

Nne, orodha. Mfuko una daftari lenye majina ya watoto yatima, hali za afya, namba za simu za wazazi, picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazilinda taarifa hizo. Picha ya mtoto wako haipaswi kugeuka bango la kuchangishia fedha kwa sababu tu daftari limebadili kabati.

Maswali saba ya kupeleka mkutanoni

Unaweza kuyanakili haya kwenye simu au kumwomba kijana akusomee.

1. Mfuko wetu unatumia kiasi gani sasa kwa uendeshaji, na tukiungana tutakatwa kiasi gani? Hesabu zote mbili ziandikwe ubaoni.

2. Fedha zetu zitatunzwa kwa hesabu ya peke yake, au zitachanganywa na nyingine?

3. Nani atachagua wanufaika, na atakaa wapi? Fomu zitapatikana kata gani?

4. Kusudi la fedha likitaka kubadilishwa, nani ataulizwa?

5. Jengo, ardhi na pikipiki vitakuwa kwa jina la nani? Taasisi ikifa, vitarudi kwa nani?

6. Tutapata taarifa ya hesabu lini, na itasomwa hapa kijijini au itatumwa kwa barua pepe ya mtu mmoja?

7. Tukitaka kutoka baada ya miaka mitatu, mlango uko wapi?

Swali la saba ndilo linaloulizwa kwa nadra, na ndilo linaloonyesha kama mnaungana na mshirika au na bwana. Taasisi inayojiamini haiogopi kuandika kipindi cha majaribio cha mwaka mmoja au miwili, kikifuatiwa na kura ya pili.

Namna ya kuamua

Uamuzi wa namna hii haufai kumalizwa kwa kikao kimoja. Kikao cha kwanza kiwe cha kusikiliza. Rasimu ya makubaliano isomwe yote kwa sauti, kwa Kiswahili, na mahali panapohitajika ifafanuliwe kwa Kiiraqw, Kimaasai au Kidatoga. Ipewe wiki kadhaa ili wanaume waliopeleka mifugo mbali na wanawake ambao siku hiyo walikuwa gulioni waipate. Kikao cha pili ndicho kipige kura, na muhtasari uandike waliokubali ni wangapi, waliokataa ni wangapi, na masharti ni yapi.

Kabla ya hapo mtu atumwe kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya. Ofisi hiyo inamsaidia Msajili wa NGO katika ngazi ya wilaya, na kuuliza hakuna malipo. Aulize mambo mawili: je, usajili wa taasisi hiyo ya kanda uko hai, na je, mfuko wetu wenyewe una deni lolote la taarifa au ada? Mara nyingine mfuko mdogo hugundua kwamba tatizo lake lilikuwa taarifa mbili ambazo hazikupelekwa, jambo la kurekebishwa kwa wiki tatu bila kuungana na mtu yeyote.

Na kama mtaungana, ungeni vizuri. Chagueni watu wawili wa kukaa kwenye bodi mpya, mmoja wao awe mwanamke, na wasiwe wale wale waliojadiliana makubaliano. Nakala moja ya hati iliyosainiwa ibaki ofisi ya kijiji, nyingine kwa kiongozi wa mila au mzee anayeaminika, nyingine shuleni. Baada ya mwaka, itisheni mkutano palepale darasani, muisome tena mstari kwa mstari, na kila palipoahidiwa kitu muulize kama kimefika.

Mzazi wa lile godoro atakuwapo siku hiyo. Aje na swali lake, na pawe na mtu wa kumjibu bila kumpandisha basi kwenda Arusha.